TrueNAS: seva ya faili iliyotuliza ugomvi wa nafasi studioni

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza la kila bosi. Programu yenyewe ni bure. Unaipakua, unaiweka kwenye flashi, unaisimika kwenye kompyuta yenye prosesa ya biti 64 na RAM isiyopungua GB 8, na hakuna anayekudai namba ya leseni. Pesa inakwenda kwenye chuma. Chetu ni kompyuta ya mtumba, ile ya mnara, tuliyoichukua Kariakoo: RAM ya ECC (inayojisahihisha makosa) GB 32, diski nne za TB 4 kila moja, na SSD ndogo ya kuwashia mfumo. Iko kwenye kona ya chumba cha wahariri hapa Sinza, imechomekwa kwenye swichi ya gigabiti pamoja na kompyuta za wahariri na ile ya mhasibu.

Kazi yetu ni video za harusi, sendofu, kicheni pati, na kipaimara pale msimu wake unapofika. Kamera ya 4K inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde inameza GB 45 kwa kila saa. Weka kamera mbili kwa saa tano, tayari una GB 450, na hapo droni haijapaa wala mpiga picha za mnato hajamwaga kadi zake. Wikiendi yenye sherehe mbili inaweza kukujazia diski nzima ya zamani kabla Jumatatu haijafika. Kwa hiyo kwetu suala la seva halikuwa kasi wala umaridadi. Lilikuwa nafasi: nani amejaza, nani afute, na kwa nini mhasibu anashindwa kuhifadhi faili la GB moja wakati sisi wote tunajaza matrilioni ya biti za bibi harusi akicheza.

Ndiyo maana tathmini hii inahusu upande mmoja tu wa TrueNAS, jinsi inavyogawa na kusimamia nafasi. Ina uwezo wa kuendesha programu nyingine ndani yake na hata mashine pepe. Sijavitumia, sina la kusema.

Kabla ya yote, majina, kwa sababu ukitafuta msaada mtandaoni yatakuchanganya. Mradi ulizaliwa 2005 ukiitwa FreeNAS, mikononi mwa Mfaransa Olivier Cochard-Labbé. Mwaka 2009 kampuni ya Marekani, iXsystems, ikauchukua. Mwaka 2020 jina likawa TrueNAS. Kisha 2022 likatoka tawi lililojengwa juu ya Linux ya Debian, likaitwa SCALE, wakati lile la zamani, lililojengwa juu ya mfumo mwingine wa kompyuta uitwao FreeBSD, likabaki na jina CORE. Leo anayeanza achukue la Linux, ambalo sasa linaitwa Community Edition. Lile la FreeBSD haliendelezwi tena, mambo mapya hayaendi huko. Ukikuta maelezo yenye picha za menyu zisizofanana na zako, ujue unasoma ya tawi jingine.

Sasa tuingie kwenye nafasi.

Seva yetu ya awali ilikuwa kompyuta ya Windows yenye diski zilizokatwa vipande: D ya futeji (video ghafi kutoka kwenye kamera), E ya kazi zilizokamilika, F ya ofisi. Kila aliyewahi kufanya hivyo anajua kinachofuata. D inajaa, F ina nafasi tele, na huwezi kuihamisha ile nafasi bila kuhamisha kila kitu kwanza. TrueNAS inatumia ZFS, mfumo wa faili uliotengenezwa Sun Microsystems na kufunguliwa kwa umma 2005, na ZFS haikati vipande namna hiyo. Diski zote zinaunganishwa kuwa puli moja. Ndani ya puli unatengeneza dataseti, na kila dataseti inachota kutoka kwenye nafasi ileile. Ni kama tangi moja la maji juu ya nyumba ya wapangaji: kila mmoja ana bomba lake, na mita ukitaka, lakini maji ni ya tangi moja. Dataseti haina ukubwa wake mpaka wewe uiwekee kikomo, na kikomo hicho unakibadilisha kwa kuandika namba mpya na kubofya kuhifadhi. Hakuna kuzima seva, hakuna kuhamisha faili. Nimepandisha kikomo cha futeji huku mhariri akiendelea kunakili kadi, wala hakujua.

Hili peke yake lingetosha kunifanya nibaki na TrueNAS. Lakini ukishalipata, unakutana na swali ambalo kurasa za matangazo hazikuandalii: ugawe kwa kigezo gani?

Wengi hugawa kwa watu. Dataseti ya fulani, dataseti ya fulani, ya mhasibu, ya bosi. Inaonekana ni haki, na kwenye ofisi ya makaratasi pengine inafaa. Kwetu nimegawa kwa jinsi faili zinavyoishi. Futeji ikishaingia haibadiliki tena, inasomwa tu hadi ifutwe. Faili za mradi wa DaVinci Resolve na Premiere ni ndogo, ila zinabadilika kila dakika na ukipoteza moja umepoteza kazi ya wiki. Kashe, yaani faili za muda za programu hizo, ni kubwa na haina thamani yoyote, ikipotea inatengenezwa upya. Kazi zilizokamilika zinakaa mwaka, maana kuna mteja atakayerudi baada ya miezi kumi akisema flashi yake imeharibika. Na kuna ofisi: ankara, mikataba, risiti. Aina tano, dataseti tano, kila moja na kanuni zake za kikomo, za ratiba ya kuhifadhi hali ya nyuma, na za bakapu. Ukigawa kwa watu, kila mtu anakuwa na mchanganyiko wa vyote vitano na huwezi kuweka kanuni yoyote yenye maana.

Vikomo viko vya aina mbili, na hapa skrini ya TrueNAS imefanya kazi nzuri ya kuvitenganisha. Kuna kikomo cha dataseti yenyewe, kisichohesabu snapshoti (hali ya dataseti iliyohifadhiwa kama ilivyokuwa wakati fulani) wala dataseti zilizo chini yake. Na kuna kikomo cha dataseti pamoja na vyote vilivyo chini yake, snapshoti zikiwemo. Wataalamu wa ZFS wanaviita refquota na quota. Kila kimoja unaweza kukiwekea onyo, na namba zinazokuja zenyewe ni asilimia 80 kwa onyo la kawaida na 95 kwa onyo kali.

Tofauti hiyo si ya vitabuni. Mhariri wetu mkuu ni dada mmoja asiyekubali kuonewa. Ukimwekea kikomo kinachohesabu snapshoti, atafuta GB 300 za harusi iliyokwisha kulipwa, ataangalia kwenye Windows, na atakuta nafasi yake haijaongezeka hata kidogo, kwa sababu zile GB 300 bado zimeshikiliwa na snapshoti za usiku uliopita. Atakuja mezani kwako. Ukimwekea kikomo cha aina ya kwanza, akifuta GB 300 anaona GB 300, anafurahi, lakini puli kwa ndani haijapata kitu. Kwa hiyo nimetumia vyote viwili. Dataseti kuu iitwayo video ina kikomo cha jumla kinachohesabu kila kitu, ili snapshoti zisije zikamfikia mhasibu. Chini yake futeji, miradi, kashe na kazi zilizokamilika zina vikomo vya aina ya kwanza, ili wahariri wahesabiwe kile walichokiweka wao tu. Jambo zuri ni kwamba Windows inasoma kikomo hicho kama ukubwa wa diski. Mhariri anaona diski yenye upau wa bluu unaogeuka mwekundu, hahitaji kujua kuwa nyuma yake kuna puli.

Dataseti ya ofisi nimeipa kitu kingine: akiba. Badala ya kusema isizidi kiasi fulani, unasema kiasi fulani ni chake hata kama hajakitumia. GB 100 zimetengwa, na wapiga harusi wakijaza kila kona bado mhasibu atahifadhi ankara zake. Tangu hapo sijasikia mlango wa chumba cha wahariri ukifunguliwa kwa hasira.

Snapshoti zinahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndizo sababu kubwa ya kuipenda TrueNAS na ndipo inapojieleza vibaya zaidi.

ZFS haiandiki juu ya data ya zamani. Ukibadilisha faili, inaandika mabadiliko mahali papya, kisha inaachia pa zamani. Kwa hiyo kuhifadhi hali ya dataseti ilivyo saa hii ni kuiambia tu isiachie pa zamani. Inachukua muda mfupi mno na mwanzoni haili nafasi yoyote. Unaweka ratiba: miradi yetu inapigwa snapshoti kila saa na zinakaa mwezi, futeji kila usiku na zinakaa wiki mbili, kashe haipigwi kabisa. Mhariri akiharibu mradi wake saa nane mchana, hanitafuti. Anabofya kulia kwenye folda katika Windows, anafungua kichupo cha matoleo ya awali, anachukua la saa saba. Hili hufanya kazi lenyewe ukishashirikisha dataseti kwa SMB (njia ya Windows ya kufungua folda za mtandao), na nilipowaonyesha wahariri, simu za usiku zilipungua sana. Snapshoti hazibadiliki kutoka kwenye kompyuta ya mtumiaji, kwa hiyo hata kirusi kinachofunga faili na kudai fidia kikiingia kwenye kompyuta ya mhariri, kitafunga faili za leo na kuziacha za jana.

Upande wa pili ni hesabu. Zile GB 300 zilizofutwa zinashikiliwa na snapshoti kumi na nne. Ukifungua orodha ya snapshoti kutafuta mwizi wa nafasi, kila moja inakuonyesha kiasi kidogo sana, nyingine sifuri. Unafuta moja, hakuna kilichobadilika. Unafuta nyingine, vilevile. Mtu anaweza kudhani programu ina hitilafu. Sababu ni kwamba namba iliyo mbele ya kila snapshoti ni ya data inayoshikiliwa na hiyo moja peke yake. Data inayoshikiliwa na mbili au zaidi haihesabiwi kwa yeyote kati yao. Ni ya wote, kwa hiyo kwenye orodha si ya mtu. Jumla ya kweli unaipata kwenye kadi ya matumizi ya dataseti yenyewe, panapotajwa kiasi kilichobebwa na snapshoti zote kwa pamoja. Hapo GB 300 utaziona.

Unataka kujua ukifuta kuanzia ya tarehe fulani hadi fulani utapata kiasi gani? Skrini haikuambii. Inabidi uingie kwenye shell, dirisha la kuandika amri, na kuandika zfs destroy -nv, ikifuatiwa na jina la dataseti, alama ya @, snapshoti ya kwanza, alama ya asilimia, na ya mwisho. Ile n inamaanisha usifanye kweli, niambie tu kitakachotokea. Ukiisahau, imefanya kweli. Swali la msingi kama hili kwa mtu anayesimamia nafasi lilistahili kitufe chake, na sielewi kwa nini halina.

Kwa kawaida, lakini, huhitaji kufuta kwa mkono. Ratiba inaziondoa zenyewe zikifika umri wake. Nilichofanya ni kufupisha umri wa snapshoti za futeji, kwani futeji haibadiliki. Kinachotakiwa ni kinga dhidi ya mtu aliyefuta folda isiyo yake, na huyo hugundulika mapema.

Jambo moja zaidi la dataseti ambalo wahariri walilalamikia: kuhamisha folda kutoka dataseti moja kwenda nyingine si kubadilisha anwani tu kama ilivyokuwa ndani ya diski moja. Kila dataseti ni mfumo wa faili unaojitegemea, kwa hiyo folda inanakiliwa kisha ile ya kwanza inafutwa. Harusi ya GB 400 ikitoka kwenye kazi zinazoendelea kwenda kwenye zilizokamilika, nenda kanywe chai. Nimewaelekeza wapeleke video ya mwisho tu, futeji ibaki ilipo mpaka ifutwe. Gawa dataseti zako ukijua njia ambayo faili litapita katika maisha yake.

Kuna kitu kingine kinachoitwa zvol, ambacho ndicho kinachokaribia zaidi volyumu kwa maana ya zamani. Ni kipande chenye ukubwa maalumu ambacho kompyuta nyingine inakiona kama diski tupu kupitia iSCSI. Nilimtengenezea mhasibu kimoja kwa sababu programu yake ya hesabu inakataa kufanya kazi kwenye folda ya mtandao. Kinafanya kazi vizuri. Fahamu tu mambo mawili. Ukikitengeneza kwa namna ya kawaida, ukubwa wote unatengwa siku hiyohiyo, hata kikiwa kitupu. Na ukianza kukipiga snapshoti, ZFS inataka uhakika kwamba kipande chote kinaweza kuandikwa upya huku cha zamani kikihifadhiwa, kwa hiyo zvol ya GB 200 iliyojaa inaweza kudai GB nyingine karibu 200 puani pako. Ipo namna ya kukitengeneza kiwe kinakua kadiri kinavyotumika, ila hapo ni jukumu lako kuhakikisha puli haijai, kwani diski inayodhani ina nafasi kisha ikaikosa inaumiza zaidi kuliko folda iliyojaa. Kuongeza ukubwa baadaye ni rahisi. Kupunguza, usijaribu. Kama programu yako inakubali folda ya kawaida, tumia dataseti.

Upande wa diski nilichagua jozi mbili za pacha, kila diski ikiwa na mwenzake mwenye nakala ileile. Kwa diski nne za TB 4 (ambazo mfumo unaziita TiB 3.64, usishtuke, ni hesabu ya elfu dhidi ya 1,024) napata kama TiB 7.2. Ningetumia RAIDZ1, inayopoteza diski moja tu kwa ulinzi, ningepata zaidi ya TiB 10. Bosi alihesabu haraka na kuuliza kwa nini tunatupa diski mbili. Jibu langu lilikuwa upanuzi. Kwenye pacha, unaongeza nafasi kwa kununua diski mbili, au unabadilisha diski mbili za jozi moja kwa kubwa zaidi, moja baada ya nyingine, na puli inakua. Jozi nzima inaweza hata kuondolewa kwenye puli, data yake ikahamia kwenye zilizobaki. Puli yenye RAIDZ haina ruhusa hiyo. Zamani kundi la RAIDZ lilikuwa haliongezeki kabisa. Tangu toleo la 24.10 unaweza kuliongezea diski moja moja, na hilo ni jambo kubwa kwa wenye bajeti kama zetu, ila data iliyoandikwa kabla inabaki na uwiano wa zamani wa ulinzi, hivyo nafasi unayoipata ni pungufu ya ile uliyopiga hesabu, mpaka data hiyo iandikwe upya.

Ukienda kununua diski, muulize muuzaji kama ni CMR au SMR, na kama hajui, tafuta namba ya modeli kwa simu ukiwa palepale dukani. Zile za SMR zinaandika njia zikipandana na zinachoka vibaya puli inapojengwa upya baada ya diski kufa. Mwaka 2020 dunia nzima ya watu wa NAS, yaani seva za faili za mtandao, ilikasirika ilipojulikana kuwa baadhi ya diski za WD Red za Western Digital zilikuwa za aina hiyo bila kutajwa. Tangu hapo WD imeziweka za CMR kwenye jina la Red Plus.

Mipangilio mingine midogo: dataseti za video nimezipandishia ukubwa wa rekodi (kipande kikubwa zaidi ambacho ZFS inaandika kwa mara moja) kutoka KiB 128 hadi MiB 1, kwa kuwa faili ni kubwa na zinasomwa moja kwa moja. Ukandamizaji wa LZ4 unakuja ukiwa umewashwa, uache hivyohivyo. Video haikandamiziki na LZ4 inaligundua hilo haraka na kuiacha, lakini nyaraka za mhasibu zinapungua vizuri. Kipengele cha kuondoa data inayojirudia kitakushawishi kwa jina lake. Kwa video hakina faida na kinakula RAM, kipite kimya.

Umeme. ZFS kwa jinsi inavyoandika mahali papya, umeme ukikatika katikati haikuachi na mfumo wa faili ulioandikwa nusu. Unapoteza sekunde chache za mwisho, unawasha, inaendelea. Pamoja na hilo tumeweka UPS, betri ya kushikilia umeme unapokatika, na TrueNAS ina huduma ya kuisikiliza kwa kebo ya USB na kujizima kwa adabu betri inapokaribia kwisha. Kila baada ya wiki kadhaa, siku ya Jumapili, inapitia data yote yenyewe kuhakiki kama kuna biti iliyooza, na ikikuta, inarekebisha kutoka kwa pacha. Kazi hiyo imepangwa tayari puli inapotengenezwa, wewe huna la kufanya.

Bakapu inakwenda kwenye kisanduku cha pili kilichoko nyumbani kwa bosi, Mbezi. Ile ya kwanza tuliifanya visanduku vikiwa pamoja kwenye swichi moja, maana kusukuma matrilioni ya baiti kupitia intaneti ya ofisi kungetufikisha mwaka mwingine, kisha tukakibeba. Baada ya hapo kila usiku yanakwenda mabadiliko tu kati ya snapshoti mbili. Mpangilio wa dataseti unalipa tena hapa: miradi, ofisi na kazi zilizokamilika zinakwenda, kashe haiendi, na futeji tumeamua haiendi. Kila harusi futeji yake inabaki kwenye kadi na diski ya nje mpaka mteja apokee kazi yake.

Kasoro nyingine, kwa haraka. SSD ya kuwashia mfumo inachukuliwa yote, hata ikiwa ya GB 500 huwezi kuweka faili zako humo, kwa hiyo nunua ndogo. Skrini ya ruhusa imejaa visanduku kama fomu ya pasipoti; chagua aina ya SMB tangu unapotengeneza dataseti, na mengi yatajipanga. Lugha ya kazi ni Kiingereza, na Kiingereza chenyewe ni cha watu wa ZFS. Matoleo mapya yanakuja mara kwa mara na wakati mwingine yanahamisha menyu. Mimi hubaki nyuma kwa makusudi mpaka toleo lipate marekebisho yake ya kwanza mawili matatu. Na wenye ZFS wanashauri usivuke asilimia 80 ya puli, kwani ikikaribia kujaa uandishi unapungua kasi. Maana yake katika ile TiB 7.2 panga kutumia kama 5.8, na mwambie bosi mapema, kabla hajanunua diski.

Kwa nani isifae? Kama una diski za mchanganyiko, moja ya TB 2, moja ya 4, moja ya 8, na unataka zote zitumike, ZFS itazipima kwa ile ndogo katika kundi. Synology na mpangilio wake wa SHR inazipatanisha vizuri zaidi, na skrini yake ni rafiki kwa mtu asiye fundi. Unanunua kisanduku chao, bei si ya mtumba. Aprili 2025 walitangaza kwamba modeli mpya za Plus zitataka diski zilizoidhinishwa nao, wateja wakapiga kelele, na Oktoba mwaka huohuo, na toleo la mfumo wao, DSM 7.3, wakalegeza. Angalia hali ilivyo kabla ya kulipa. Kwa mwenye Raspberry Pi au kompyuta yenye RAM kidogo, OpenMediaVault ni nyepesi, na aliyeianzisha, Volker Theile, alitokea kwenye mradi wa FreeNAS. Unraid nayo inakubali diski za ukubwa tofauti, lakini ni ya kulipia.

Ningeipa TrueNAS nyota nne kati ya tano. Ile moja ni ya hesabu ya snapshoti.

Kwa sasa puli iko asilimia 71, na msimu wa harusi za Desemba unakuja. Bosi amekubali jozi ya tatu, diski mbili za TB 8. Nafasi za kuziweka ndani ya mnara zimebaki mbili hasa. Zikiingia, data mpya itaelekea zaidi kwenye jozi hiyo iliyo tupu na ya zamani itabaki ilipo, TrueNAS haiisambazi yenyewe, ila kwa kuwa futeji zetu hufutwa na kuingia nyingine kila mwezi, mizani itajirekebisha. Kikomo cha video nitakipandisha hadi TiB 10. Mhariri mkuu ameshauliza kama zote ni zake.